Nyaraka Sita za Antonio

Mwanzoni mwa mwaka 1625 makarani wa koloni la Virginia walipita shamba kwa shamba wakihesabu watu, mahindi, bunduki na nguruwe. Walipofika kwenye shamba la Edward Bennett, kusini mwa mto James, waliandika jina Antonio, wakaongeza kwamba ni Mweusi na kwamba alifika mwaka 1621 kwa meli iliyoitwa James. Kwenye orodha ya shamba hilohilo waliandika jina la mwanamke, Mary, naye Mweusi, aliyefika mwaka 1622 kwa meli Margaret and John. Waingereza wengi katika hesabu ile wana majina mawili na umri. Hawa wawili wana jina mojamoja, rangi na meli.

Mistari hiyo miwili ndiyo mwanzo wa mojawapo ya njia ndefu za karatasi ambazo Mwafrika wa karne ya 17 aliziacha katika Marekani ya Waingereza. Antonio huyo ndiye ambaye wanahistoria wanamwita Anthony Johnson. Katika miaka 50 iliyofuata anajitokeza kama mwenye shamba, mlipa kodi, mdai mahakamani, bwana wa mtumwa, na mwishowe marehemu ambaye ardhi yake inajadiliwa na watu wasiomtambua kama mwenzao. Nimekuwa nikizisoma nyaraka hizo sita pamoja na vitabu vilivyoandikwa juu yake na juu ya wenzake. Swali langu ni la mhakiki zaidi kuliko la mwanahistoria: anayeandika maisha ya babu aliyekufa zamani ana ruhusa ya kusema nini?

Swali hili linanihusu mwenyewe. Ukoo wangu umenipa kazi ya kuandika kitabu kidogo cha nasaba yetu, kwa sababu eti mimi ndiye "niliyesoma mambo ya kuandika". Tunayo majina saba ya mababu yanayotajwa kwenye misiba na harusi, na tunazo karatasi chache sana. Kila mzee ninayemhoji ananipa jina, kisha anangoja nilivike nyama na nguo. Shangazi yangu mkubwa aliniambia waziwazi: "Wewe andika vizuri tu, mwanangu, nani atakuja kukukagua?" Nimeamua kwanza nitazame wale ambao wamekaguliwa.

Turudi kwa Antonio. Machi 22 mwaka 1622, kabla ya hesabu ile ya makarani, wapiganaji wa Powhatan walishambulia makazi ya Waingereza kando ya mto na kuua watu 347. Kwenye shamba la Bennett peke yake walikufa zaidi ya 50. Antonio alikuwa miongoni mwa wachache waliobaki. Hatujui alijificha wapi, alipigana au alikimbia, alizika nani. Tunajua alinusurika kwa sababu moja tu: miaka mitatu baadaye karani alimkuta hapo akamwandika.

Baada ya 1625 karatasi zinanyamaza kwa muda mrefu. Zinapoanza kusema tena tuko upande mwingine wa ghuba ya Chesapeake, katika Kaunti ya Northampton, na sasa kuna mwanamume aitwaye Anthony Johnson mwenye mke aitwaye Mary. Je, ni yuleyule? Msomaji wa haraka atajibu ndiyo, kwa kuwa majina yanafanana. Lakini ngoja kidogo. Katika hesabu ileile ya 1625, kwenye nyumba ya Kapteni William Tucker, kuna Antonio mwingine, mwenye mke Isabell na mtoto aliyebatizwa kwa jina William. Waafrika wachache kiasi kile, na tayari kuna Antonio wawili! Wareno walikuwa wamebatiza watu wengi kwa majina ya watakatifu, na Antonio lilikuwa jina la kawaida kama Juma lilivyo kwetu. Anayefuatilia nasaba kwa kufananisha majina tu ataoza mke wa huyu kwa mume wa yule, na watoto wa watu watahamia nyumba isiyo yao.

Daraja linalounganisha Antonio wa 1625 na Anthony Johnson wa baadaye ni jina la Mary likichanganywa na hesabu ya miaka, na hesabu hiyo inatoka kwenye waraka wa tatu. Lakini kwanza tuuone wa pili.

Mwaka 1651 Anthony Johnson alipata hati ya ekari 250 kwenye kijito cha Pungoteague. Virginia ilikuwa na utaratibu wa kugawa ardhi kwa vichwa: aliyelipia nauli ya mtu kuja koloni alistahili ekari 50 kwa kila mtu. Johnson alidai vichwa vitano. Mara tano hamsini, mia mbili na hamsini. Ni waraka mkavu kabisa, na hapo hapo ni wa kushangaza, kwa sababu mtu aliyeingia koloni kama mali inayohesabiwa sasa anahesabu wengine ili apate ardhi. Kati ya majina matano kuna Richard Johnson, jina la mmoja wa wanawe. Kuna pia jina lililoandikwa hovyo hovyo ambalo wengi wanaamini ni la John Casor. Tutakutana naye baadaye.

Waraka wa tatu ni wa Februari 1653. Moto uliunguza sehemu kubwa ya mali ya Johnson, naye akaiomba mahakama ya kaunti nafuu. Mahakama ikaamua kwamba Mary na binti zake wawili wasitozwe kodi maisha yao yote, ikitaja kwamba wenye nyumba hiyo wameishi Virginia zaidi ya miaka 30 na wanajulikana kwa kazi ngumu. Toa miaka 30 na kidogo kutoka 1653, unafika 1621 na 1622, miaka ya meli zile mbili. Hapo ndipo mtafiti anapopumua. Si ushahidi wa kuapia, lakini ni ushahidi wa kuandikia, maadamu umwonyeshe msomaji kamba ilipofungwa.

Ninaupenda waraka huu kuliko mingine kwa sababu ya jambo ambalo karani hakukusudia kulisema. Wakati ule Virginia iliwatoza kodi ya kichwa wanawake Weusi, huku wake za Waingereza wakiachwa. Uamuzi wa 1653 uliwafanya Mary na binti zake walingane na majirani zao katika daftari la kodi. Mwanamke ambaye mwanzoni alikuwa na jina na meli tu, hapa ana nyumba, mabinti, na majirani waliokubali kusema kwamba wanamjua.

Kisha unakuja waraka wa nne, ule ambao wajukuu wangependa upotee. Mwaka 1654 John Casor, Mweusi aliyekuwa kwenye shamba la Johnson, alidai kwamba alikuja Virginia kwa mkataba wa miaka saba au minane na kwamba Johnson amemshikilia kupita muda wake. Jirani Mwingereza, Robert Parker, alimchukua. Familia ya Johnson iliogopa kesi ikamwachia. Baadaye Johnson alibadili msimamo, akamshtaki Parker, na Machi 1655 mahakama ikaamuru Casor arudishwe kwa Johnson.

Siku hizi waraka huu unatumiwa kwa namna ya ajabu. Kuna watu wanaousambaza mitandaoni ili kudai kwamba mtu wa kwanza kumiliki mtumwa Marekani alikuwa Mwafrika, kana kwamba hilo lingefuta meli, minada na karne mbili za utumwa. Dai lenyewe halisimami. Mwaka 1640, miaka 15 kabla ya kesi ya Casor, mahakama ya Virginia ilimhukumu John Punch, Mweusi aliyetoroka pamoja na watumishi wawili wa Kizungu, amtumikie bwana wake maisha yake yote, wakati wenzake wale wawili waliongezewa miaka tu. Na Waafrika walikuwa wakishikiliwa maisha bila kesi yoyote. Lakini sitaki kumtetea Johnson kwa kusema wengine walimtangulia. Casor alisimama akasema muda wake umekwisha. Aliyesimama upande wa pili kumkatalia alikuwa mtu aliyejua vizuri kuliko jaji yeyote maana ya kushikiliwa.

Hapa uandishi wa nasaba unapimwa. Babu huja pamoja na mwanawe, na pia huja pamoja na mtu aliyemfungia mlango. Kitabu cha ukoo kinachomtaja Johnson mwenye ekari 250 bila kumtaja Casor kimesema uongo hata kama kila sentensi yake ina ushahidi. Nimeandika hilo kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari langu, kwa sababu mmoja wa mababu saba ninaowaandika anasifiwa kwa "watu wengi waliomlimia", na hadi sasa hakuna mzee aliyenieleza watu hao walikuwa nani na walilipwa nini.

Waraka wa tano. Katika miaka ya 1660 akina Johnson walihamia Maryland, Kaunti ya Somerset, wakakodi ekari 300. Huko nyuma Virginia ilikuwa inabadilika. Sheria ya 1662 ilisema mtoto afuate hali ya mama yake, huru au mtumwa. Sheria ya 1667 ilisema ubatizo haumtoi mtu utumwani. Johnson alikufa, na mwaka 1670 wazee wa baraza huko Virginia waliketi kuamua hatima ya ardhi aliyoiacha. Walisema ardhi irudi kwa serikali ya koloni kwa kuwa marehemu alikuwa Mweusi na kwa hiyo mgeni.

Nimelisoma neno hilo la kuunganisha, "kwa hiyo", mara nyingi. Mwaka 1653 watu wa kaunti ileile walimwona mkaaji wa siku nyingi. Miaka 17 baadaye, amekufa baada ya karibu nusu karne katika nchi hiyo, anakuwa mgeni. Mabadiliko yote ya Virginia yamo katika kiunganishi kimoja. Hakuna mwandishi wa riwaya ambaye angeweza kuyapanga vizuri zaidi, na ndiyo maana nasema nyaraka hizi zinastahili kusomwa kama fasihi, neno kwa neno, kabla hatujakimbilia kuzipamba.

Waraka wa sita ni wa 1677. Mjukuu aitwaye John Johnson alinunua ekari 44 huko Maryland akaziita Angola. Orodha ya 1625 haikutaja Angola. Hati ya ardhi haikuitaja, wala mahakama. Neno linalotuelekeza alikotoka mzee linakuja miaka saba baada ya kifo chake, limeandikwa na karani wa ardhi ambaye aliandika tu kile mnunuzi alichomwambia. Kwa hiyo nyumbani kwa akina Johnson kulikuwa na mazungumzo ambayo hakuna aliyeyarekodi. Mtu alilitamka jina hilo mbele ya watoto, watoto wakalishika, na mmoja wao alipopata kipande chake cha ardhi akalipachika juu yake.

Kwa sisi tunaosoma kwa Kiswahili neno hilo lina mwangwi mwingine. Jina Angola lina asili ya ngola, cheo cha mtawala wa Ndongo, nchi ya wasemaji wa Kimbundu, lugha ya Kibantu kama yetu. Mtu kwa Kimbundu ni mutu. Siwezi kusema Antonio alizungumza Kimbundu. Naweza kusema kwamba ikiwa jina la shamba linasema kweli, basi huenda katika misitu ya Maryland kulikuwa na maneno ambayo bibi yangu angeyatambua nusu yake.

Angalia sentensi hiyo. Ina "ikiwa" na ina "huenda". Bila maneno hayo mawili ingekuwa nzuri zaidi na ingekuwa uongo. Sasa tuje kwa vitabu.

Kitabu kilichofundisha dunia kufuatilia babu wa Kiafrika aliyepelekwa Marekani ni Roots cha Alex Haley, kilichotoka 1976. Januari 1977 televisheni ya ABC ilirusha tamthilia yake kwa usiku nane mfululizo, na mwaka huohuo Haley akapewa tuzo maalumu ya Pulitzer. Kiini chake ni kizuri kupita kiasi. Bibi yake mzaa mama na wazee wenzake huko Henning, Tennessee, walikuwa wakikaa barazani wakisimulia habari za "Mwafrika" aliyeitwa Kin-tay, aliyeita gita "ko" na mto "Kamby Bolongo". Haley alizibeba sauti hizo hadi kwa Jan Vansina, mtaalamu wa mapokeo simulizi aliyekuwa amefanya utafiti miaka mingi Kongo, naye akazielekeza kwenye Kimandinka na mto Gambia. Mwaka 1967 Haley alifika kijiji cha Juffure, na huko mzee mmoja, Kebba Fofana, akamsimulia nasaba ya Kinte hadi siku Kunta alipokwenda kukata gogo asirudi. Kisha Haley akapata meli, Lord Ligonier, iliyotia nanga Annapolis tarehe 29 Septemba 1767. Mdomo na karatasi vikakutana.

Vilikutana kirahisi mno. Aprili 1977 gazeti la Sunday Times la London lilimpeleka mwandishi wake Mark Ottaway Gambia, naye akaripoti kwamba Fofana hakuwa msimulizi aliyefunzwa kazi ya kutunza nasaba, na kwamba watu kijijini walijua mapema mgeni anatafuta nini. Mwaka 1981 wataalamu wa nasaba Gary Mills na Elizabeth Shown Mills walichapisha uchunguzi wa rekodi za Virginia. Toby, mtumwa ambaye Haley alisema ndiye Kunta, alikuwa tayari kwenye rekodi za akina Waller kabla Lord Ligonier haijafika. Na kabla ya hapo, mwaka 1978, Haley alikuwa amemlipa mwandishi Harold Courlander dola 650,000 kumaliza kesi iliyohusu vifungu vilivyotoka kwenye riwaya yake ya The African.

Ni rahisi kumcheka Haley leo. Mimi sitafanya hivyo, kwa sababu najua anachokijua kila mtafiti wa nasaba wa Waamerika Weusi: kuna ukuta wa mwaka 1870. Sensa ya mwaka huo ndiyo ya kwanza ya taifa kuwaandika Weusi wote kwa majina. Katika sensa za 1850 na 1860 watumwa waliorodheshwa chini ya jina la bwana wao kwa umri, jinsia na rangi, bila majina. Mtu anayerudi nyuma na majina ya mababu zake mkononi anafika hapo na kukuta safu za namba. Haley aliandika kwa ajili ya mamilioni waliogonga vichwa kwenye ukuta huo, na alifungua njia ambayo maktaba na ofisi za nyaraka za Marekani bado zinapokea wageni wake.

Kosa lake kama mwandishi liko mahali pengine. Kwamba alimbuni Kunta akiwaza ndani ya meli halinisumbui. Kila msomaji anaelewa kwamba hakuna aliyekuwepo kuandika mawazo yale. Kinachonisumbua ni sura za mwisho, ambako Haley anaacha riwaya na kusimulia utafiti wenyewe kwa sauti ya shahidi. Huko ndiko alikotakiwa kutuonyesha mashimo, na huko ndiko alikoyaziba. Kubuni ndani ya hadithi ni ufundi. Kubuni ndani ya maelezo ya jinsi ulivyoipata hadithi ni kumchukulia msomaji fedha yake ukiwa umemfumba macho.

Upande wa pili wako wale wasiobuni kitu. T. H. Breen na Stephen Innes walichapisha mwaka 1980 kitabu juu ya Anthony Johnson na Weusi huru wa Northampton, "Myne Owne Ground". Kichwa hicho kinatoka kwenye maandishi ya mahakama ya miaka ya 1640, ambamo mtu aitwaye Anthony, Mweusi, anajivunia kwamba sasa analijua shamba lake. Paul Heinegg, mhandisi aliyejifunza nasaba mwenyewe, amekusanya rekodi za familia za Waamerika Weusi waliokuwa huru kabla ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, familia baada ya familia, kodi baada ya kodi. Kazi yake ni kama daftari la duka: haina hadithi, ina hesabu. Ninaiheshimu mno. Lakini ukiisoma usiku unaona upungufu wake pia. Daftari linamjua aliyemiliki kitu. Johnson yumo kwa sababu ya ekari na ng'ombe na kesi. Casor yumo kwa sababu aligombaniwa. Mary yumo kwa sababu ya kodi, na baadaye kwa sababu aliwapa wajukuu wake ng'ombe. Binti zake wawili wamo kwa sababu walisamehewa kodi, na karani hakuona haja ya kuandika majina yao. Anayesema "nitaandika kilicho kwenye rekodi tu" amekubali, bila kujua, kwamba karani wa 1653 ndiye mhariri wake.

Kuna njia ya tatu, na wawili walionifaa zaidi ni wanawake. Saidiya Hartman, katika insha yake ya 2008 "Venus in Two Acts", anamkabili msichana aliyekufa kwenye meli ya watumwa ambaye rekodi inamtaja kwa sababu tu nahodha alishtakiwa. Hartman anatamani kumwandikia msichana huyo maisha, anaonyesha namna angeyaandika, kisha anaeleza kwa nini anasita. Tamaa yake na kusita kwake vyote viko mezani. Tiya Miles, katika All That She Carried ya 2021, ana ushahidi mdogo zaidi: mfuko wa kitambaa. Juu yake Ruth Middleton alitarizi mwaka 1921 kwamba Rose, mama wa bibi yake, alimpa binti yake Ashley mfuko huo alipouzwa akiwa na miaka tisa huko South Carolina, na ndani mlikuwa na nguo chakavu, konzi tatu za karanga za mpikani na msuko wa nywele za mama. Miles anatafuta Rose na Ashley kwenye orodha za mali za mabwana, na akishindwa kuthibitisha anasema ameshindwa. Kisha anafanya jambo ambalo Haley hakulifanya: anaandika historia ya vitu. Nguo ya mtumwa ilikuwaje, mti wa mpikani uliota wapi, nywele zilikuwa na maana gani. Rose mwenyewe hawekewi maneno mdomoni, lakini ukimaliza kitabu unaujua uzito wa mfuko ule mkononi.

Miles naye ana udhaifu wake. Kuna kurasa ambazo "labda" zinafuatana kama vituo vya daladala, na msomaji anaanza kuchoka kusimama. Shaka ikitiwa kila mahali kwa kipimo kilekile inakoma kuwa shaka, inakuwa desturi ya uandishi. Ningependa atofautishe zaidi lile analolikaribia kwa asilimia tisini na lile analolitamani tu. Hata hivyo kasoro yake inarekebishika kwa kalamu ya mhariri, na ya Haley hairekebishiki bila kubomoa nyumba.

Haya yote yanatuhusu sisi tunaoandika na kusoma insha za kweli kwa Kiswahili. Lugha yetu ina kiambishi hatari: -ka-. Babu akaamka, akafunga mlango, akatazama mto, akalia. Ni kiambishi cha ngano, kinamsukuma msimulizi mbele na hakina mahali pa kuwekea shaka. Ukianza nacho ni vigumu kusimama. Nimesoma insha nyingi za vijana wenzangu juu ya bibi na babu zao, na karibu zote zina aya ambayo marehemu anawaza peke yake gizani kwa -ka- tano mfululizo. Nani alikuwepo?

Lakini lugha ileile imetupa dawa. Tuna -nge- na -ngali-, tuna huenda na yamkini, tuna inasemekana kwa habari iliyopita midomo mingi, na tuna ati kwa habari ambayo msimulizi mwenyewe hainunui. Wazee wetu wanavitofautisha vipimo hivyo bila kufundishwa shuleni. Shangazi yangu anaposema "inasemekana alitoka bara" na "alizikwa pale, nilikuwepo", anatoa tanbihi mbili zenye uzito tofauti. Mimi mwenye shahada ndiye ninayezifuta ili aya iteleze.

Kwa hiyo nimejiwekea kanuni chache kwa ajili ya kitabu cha ukoo. Kila jina litakuja na maelezo ya nani aliniambia au karatasi ipi inalo. Palipo na pengo nitaeleza ukubwa wake kwa miaka. Nitaandika habari za vitu na mahali kwa undani, kwa sababu hivyo vinachunguzika: jembe, njia, mvua, bei. Waliomlimia babu watapata sura yao hata kama itakuwa na maswali matupu, na wanawake wasiotajwa watahesabiwa kwa idadi pale majina yalipopotea, kama binti wawili wa Mary Johnson.

Shangazi amesikia sura ya kwanza nilipomsomea kwa simu. Alilalamika kwamba "huenda" ni nyingi. Nikamuuliza ni ipi anaweza kuiondoa. Akafikiri kidogo, kisha akaondoa moja, akanipa jina la mwanamke ambaye hakuna mzee mwingine aliyewahi kumtaja, na jina la kijiji alikoolewa. Nimeliandika kwa kalamu ya risasi.